Mwenzako wa Kesho Umjue Leo Jioni

Karatasi zilitoka kwenye mashine zikiwa bado za moto. Ilikuwa Alhamisi jioni, Machi 2023, ndani ya ukumbi wa michezo katika jimbo la Minnesota, Marekani, na watoto walikuwa wanasukumana mbele ya meza moja utadhani panagawiwa pilau. Kilichogawiwa ni ratiba: namba ya mechi, upande mwekundu au wa bluu, na namba za timu mbili utakazocheza nazo bega kwa bega.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na riziki yangu naipata kwa kutunza vitabu vya hesabu. Sijui kuchomelea chuma wala kuandika programu. Kwenye mashindano haya ya roboti ya vijana wa sekondari, FIRST Robotics Competition, niliingia kwa mlango wa uani: mwanangu alihitaji mtu wa kumpeleka karakana ya shule na kumrudisha usiku, na baridi ya Januari ya Minnesota haikuruhusu mtu akae garini saa tatu akisubiri. Nikaingia ndani. Nikapewa kahawa. Baada ya kahawa nikapewa kompyuta yenye safu za tarakimu, na tangu siku hiyo mimi ndiye mlezi wa wapelelezi wa timu, wale watoto wanaokaa kwenye viti vya watazamaji na kuandika kila roboti inaweza nini na inashindwa nini.

Kila msimu sisi walezi hubishana jambo lilelile: timu ziambiwe mapema kiasi gani zitacheza na nani? Wengine wanataka wiki nzima. Wengine wanasema asubuhi ya siku yenyewe inatosha, kwani maisha nayo humpa nani ratiba? Nilianza nikiwa upande wa wiki. Siku hizi nasema usiku mmoja. Haya ndiyo yaliyonibadilisha.

1. Mwenza huyu hachaguliwi, hugawiwa

Aliyezoea ligi ya mpira huchelewa kuelewa mchezo huu. Katika mechi moja huingia roboti sita, tatu kila upande, na kila moja ni ya timu yake. Katika misimu ninayoisimulia hapa, mechi ilikuwa dakika mbili na nusu. Ikiisha, muungano umevunjika: uliyekuwa naye asubuhi unaweza kumkuta mchana yuko upande wa pili anakuzuia usipite. Hata hivyo, kwenye msimamo kila timu inasimama peke yake. Ndiyo kusema nafasi yako inabebwa na watu ambao hukuwachagua, na wao yao inabebwa na wewe. Mashindano yalianza 1992, na miungano hii ikaingizwa mwaka 1999.

Nyumbani, wazee wakicheza karata wanne, wawili kwa wawili, ukikalishwa mbele ya mtu asiyejua kuhesabu zilizotoka unameza mate na kucheza. Mchagua jembe si mkulima. Hapa anayekalisha watu ni kompyuta. Inajitahidi usikutane na walewale mara kwa mara, upate nafasi ya kupumua kati ya mechi, na rangi zako zisielemee upande mmoja. Mwaka 2007 waandaaji walijaribu kuipangia bahati njia: timu ziligawanywa mafungu kwa ukongwe, kila muungano upate mkongwe mmoja, wa kati mmoja na mchanga mmoja. Nia ilikuwa njema. Lakini timu zikajikuta zinagongana na wapinzani walewale tena na tena, na mpango ukaachwa. Bahati nasibu ikarudi, na pamoja nayo likarudi swali letu: kura ikishapigwa, mtu aambiwe lini?

2. Saa moja ni ya kutafuta choo, si ya kupanga mechi

Kanuni inadai ratiba itoke angalau saa moja kabla ya mechi za awali kuanza. Msimu wangu wa kwanza, 2022, nilionja saa hiyo. Kwenye shindano moja ratiba ilitoka Ijumaa asubuhi, na sisi tulikuwa mechi ya tatu.

Kwenye karatasi saa moja inaonekana ndefu. Ukumbini, robo yake ilipita kabla hatujajua vibanda vya wenzetu viko wapi, kwa sababu kila timu ina kibanda chake cha matengenezo na vimepangwa kwa mistari kama vibanda vya soko. Wenza wetu wa kwanza walikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, roboti imelazwa ubavu na mkaguzi amepiga goti kando yake. Wa pili tulikuta kibanda kitupu: dereva alikuwa kwenye sherehe ya ufunguzi, akiusikiliza wimbo wa taifa mkono kifuani. Tulionana naye uwanjani tukiwa tunapanga roboti. Tukapungiana mikono.

Mechi ilianza kwa sekunde 15 ambazo hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa usukani. Roboti hujiendesha kwa programu iliyowekewa. Mwaka ule kazi ya kwanza ilikuwa kuokota mpira na kuurusha kwenye kapu la katikati. Kengele ikalia. Roboti yetu ikaondoka kushoto kufuata mpira, na ya mwenzetu ikaondoka kulia kufuata mpira uleule. Zilikutana kama mbuzi dume wawili kwenye daraja la mti mmoja. Sekunde zote zilizobaki zilisukumana, zenyewe kwa zenyewe, huku dereva wetu ameshika kichwa nyuma ya kioo.

Nilipouliza dawa yake ni nini, binti anayeandika programu alinionyesha tarakimu moja kwenye skrini. Ile ndiyo inayoiambia roboti isubiri sekunde ngapi kabla ya kuondoka. Ilikuwa 0. Ingekuwa 3, wenzetu wangechukua mpira wao na kupisha. Tarakimu moja tu, na hatukuwa na pa kuulizana.

Nilitoka pale nimekata shauri: tupewe wiki.

3. Wiki nzima huzaa wakubwa

Nikapewa. Vuli ya mwaka huohuo tulikwenda kwenye mashindano ya kirafiki, yale yasiyohesabiwa popote, ambako timu hujaribu madereva wapya. Waandaaji nao walikuwa wamechoshwa na haraka za asubuhi, wakatuma ratiba siku saba kabla. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi.

Siku ya pili ikaja barua pepe kutoka kwa timu moja kubwa, yenye wahandisi kadhaa wa kujitolea na karakana ambayo sisi tungeifanya shule. Walikuwa wameandika mpango wa mechi tutakayocheza nao, wenye mishale ya rangi na dakika zilizogawanywa kwa sekunde. Jina la timu yetu lilikuwa pembeni, na chini yake maneno mawili yenye maana ya “zuieni tu”. Hawakuuliza roboti yetu inafanya nini. Walisoma matokeo yetu ya masika wakatuhukumu nayo, na sisi kiangazi kizima tulikuwa tumeufumua mkono wa roboti na kuujenga upya.

Siwalaumu sana. Mtu ukimpa wiki na takwimu za zamani, atapanga kwa takwimu za zamani. Nilichojifunza ni kwamba wiki haigawanyiki sawa. Wenye mikono mingi huitumia kuandika mipango ya wengine. Timu yenye mwalimu mmoja na watoto tisa hubaki inasoma barua na kuitikia ndiyo. Watoto wetu walifika uwanjani wakiwa wamekwisha kukubali kwamba wao ni ukuta, na ukuta haujitangazi kwamba una mkono mpya.

Halafu ikaja Ijumaa. Timu moja ikajitoa kwa kukosa usafiri. Hapo ndipo mtunza hesabu ndani yangu alipoamka. Tulikuwa timu 30, kila moja na mechi 8. Hizo ni nafasi 240, na kwa kuwa kila mechi inameza roboti sita, zinatoka mechi 40 kamili. Ondoa timu moja: 29 mara 8 ni 232, na 232 haigawanyiki kwa sita. Lazima ziwe mechi 39 zenye nafasi 234, na zile nafasi mbili za ziada zijazwe na timu mbili zitakazocheza mechi moja ya kusaidia tu, isiyohesabiwa kwenye msimamo wao. Huwezi kufuta jina moja ukaacha mengine palepale. Ratiba yote inachanganywa upya kama karata.

Ilichanganywa saa tatu usiku. Mishale ya rangi ikawa haina mwenyewe. Timu zilizokuwa zimepanga sana ndizo zilizovurugika sana, maana zilikwenda kulala zikiwa na mpango wa mechi ambazo hazipo.

4. Kinachofaa mapema ni orodha ya wageni, si nani atakaa na nani

Anayeandaa harusi hutaka kujua mapema wageni ni wangapi. Nani ale sahani moja na nani, hilo husubiri wafike.

Mashindano haya tayari yana orodha hiyo: timu zitakazohudhuria hutangazwa wiki nyingi kabla. Tulikuwa hatuitumii. Sasa wapelelezi wangu huanza nayo. Kila timu ina mstari wake, na siku ya Alhamisi, siku ya mazoezi na ukaguzi, watoto huzunguka vibanda vyote wakiwa na karatasi yenye maswali manne tu. Roboti yenu ina upana gani pamoja na bampa? Hupenda kuanzia upande gani? Katika zile sekunde za mwanzo huelekea wapi? Ina nini leo ambacho haikuwa nacho mwezi uliopita?

Swali la nne nililiongeza mimi, kwa uchungu wa ile barua. Ndilo linaloleta majibu marefu, kwa sababu kila mtoto anapenda kuulizwa habari ya kitu alichokimaliza jana.

Uzuri wa kuuliza timu zote kabla ya kura ni kwamba huulizi kwa hesabu ya faida. Hujui nani atakuwa mwenzako, kwa hiyo unamsikiliza kila mmoja kwa sikio lilelile. Karatasi hizohizo hutufaa tena mwishoni, kwenye mtoano, ambako mambo hugeuka: timu nane za juu huteua wenza wao mbele ya ukumbi mzima, na timu iliyokataa mwaliko haiwezi kualikwa tena na mwingine. Pale hakuna muda wa kuulizana. Kama hukujua Alhamisi, hutajua.

5. Usiku mmoja una kazi zake, na kazi zake hulingana nao

Turudi kwenye ile ratiba ya moto ya Machi 2023. Mchezo wa mwaka ule ulikuwa na jukwaa linalobembea kama mizani. Mwishoni mwa mechi roboti hupanda juu yake. Jukwaa likiinama, kila iliyopanda hupata alama 6. Likitulia sawasawa, kila moja hupata 10. Muungano ukikusanya alama 26 za jukwaa, pamoja na zile za mwanzo wa mechi, kila timu huongezewa pointi moja kwenye msimamo, ishinde isishinde. Tatu juu, jukwaa likatulia: 30. Tamu hiyo. Ila upana wa jukwaa ulikuwa sentimita 247.

Mechi yetu ya kwanza Ijumaa ilitupa timu moja kongwe na moja changa, ya mwaka wake wa kwanza. Nikafungua karatasi za wapelelezi. Sisi: sentimita 84. Wakongwe: 89. Wachanga: 81. Jumla 254.

Saa mbili usiku, kwenye ushoroba wa hoteli, watoto walibandika gundi ya karatasi juu ya zulia kwa kipimo cha jukwaa, wakakunja taulo tatu za kuogea kila moja kwa upana wa roboti yake, wakazipanga. Mgeni mmoja alitoka chumbani na ndoo ya barafu, akatutazama, akaruka taulo ya katikati kwa adabu, akaenda zake.

“Mama, zimezidi,” mwanangu akaniambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, ya mtu anayetaka habari mbaya ibaki ndani ya familia. “Sentimita saba.”

Dereva wetu alikuwa amekaa ukutani anakula chipsi. Akasema kinachotakiwa kukaa juu ya jukwaa ni magurudumu. Bampa si mguu. Ni mbao na povu lililovishwa kitambaa, na inaweza kuning'inia nje bila kugusa chini. Wakazisogeza taulo za pembeni, kila moja ikatoka nje ya gundi kwa sentimita tatu na nusu. Zikakaa.

Kazi zilizobaki zilikuwa ndogondogo na zote zilitimia. Mmoja alipitia ratiba na kuandika ni mechi gani zinahitaji bampa nyekundu na zipi za bluu. Mwingine alitafuta mahali ambapo mechi mbili zimekaribiana mno, ili betri ya kubadilisha iwe imechajiwa tayari. Binti wa programu aliandaa njia tatu za kuanzia, kushoto, katikati na kulia, kila moja na tarakimu yake ya kusubiri, ili asubuhi ibaki kuchagua tu. Saa nne na nusu nikawafukuza wakalale.

Angalia kazi hizo zinavyofanana. Zote ni za kujiweka tayari sisi wenyewe. Hakuna hata moja ya kumpangia mwingine. Usiku mmoja haumpi mtu nafasi ya kuandika mpango wenye mishale na kuutuma kama amri. Unatosha kuandaa maswali ya kwenda nayo kwa wenzako.

6. Mpinzani naye ana haki ya kujua

Mwaka huohuo kulikuwa na kanuni iliyowachekesha ndugu zangu Tanga nilipowasimulia kwa simu. Pande zote mbili zikiweka vitu vitatu kila moja kwenye sehemu ya katikati ya rafu zao, basi idadi ya safu zinazohitajika ili kupata pointi nyingine ya msimamo hushuka kutoka tano hadi nne, kwa wote. Yaani unashindana na mtu huku mmekubaliana kusaidiana. Mjomba wangu akauliza: “Sasa huo ni ugomvi au ni mchango wa msiba?”

Lakini makubaliano hayo yalihitaji watu watembee hadi kibanda cha wapinzani kabla ya mechi. Ratiba ikitoka jioni, asubuhi unakwenda. Ikitoka saa moja kabla, unaishia kwa wenza wako, na mara nyingi hata hao hufiki. Anayepigania muda wa taarifa kwa ajili ya wenza peke yao amehesabu nusu ya watu waliomo uwanjani.

7. Taarifa isiyokwenda kwa miguu ni karatasi tu

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa mimi ni mtu wa karatasi.

Ijumaa mwanangu aliniamsha kabla ya kengele ya simu. “Shikamoo Mama. Twende, vibanda vinafunguliwa saa moja na nusu.” Tulikuwa mlangoni mlango unafunguliwa. Wakati timu nyingine zinafungua masanduku ya vifaa, watoto wetu wawili walikwenda moja kwa moja kwa ile timu changa, na taulo moja ya hoteli begani, wakawaeleze habari ya magurudumu.

Wakakuta msiba. Roboti ilikuwa haijapita ukaguzi. Bampa moja ilikuwa inacheza kwenye mabano yake, na mbao yake imepasuka kwenye tundu la skrubu. Mwalimu wao alikuwa mmoja, amesimama na simu sikioni. Mechi zinaanza saa tatu.

Hapakuwa na hotuba. Mmoja wa watoto wetu alirudi mbio kuchukua kipande cha mbao na stepla kubwa. Wakongwe, tulipowaita, walileta mtu mwenye drili na mabano ya akiba. Timu tatu zilikuwa sakafuni, vichwa vimekutana, zikivuta kitambaa na kukipiga pini, na wakati huohuo ndipo mpango wa mechi ulipozungumzwa. Nani apande kwanza? Wachanga wakasema wao ndio wepesi, wakitangulia watasukumwa. Wakongwe wakasema basi sisi tutakaa pembeni na kuwaziba. Hakuna aliyeambiwa “zuieni tu”. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu uliyemshikia mbao.

Saa tatu kasorobo mkaguzi alibandika alama ya kupita.

Mechi tulishindwa. Wapinzani walikuwa wakali, na sisi mkono wetu ulinasa katikati ya mchezo. Zilipobaki sekunde 30 roboti zetu tatu zikaelekea jukwaani: wakongwe, kisha wachanga katikati, kisha sisi. Bampa zikaning'inia nje pande zote mbili. Jukwaa likainama mbele, likarudi nyuma, likasita, na kengele ikalia likiwa limetulia. Kwenye ubao tukasoma 30 za jukwaa, na pointi moja ya msimamo kwa kila mmoja wetu watatu.

Kwa hiyo msimu ukija na ubishi wetu ukaanza upya, jibu langu ni hili: orodha ya timu wiki nyingi kabla, ratiba jioni ya kuamkia mechi, na vibanda vifunguliwe alfajiri na mapema. Wanaotaka wiki huniuliza usiku mmoja unamsaidia nini mtu aliyepewa mwenza dhaifu. Nawaambia unamsaidia kuwahi mlangoni.

Taulo tuliirudisha hotelini ikiwa na doa la grisi. Walituongezea kwenye bili, na mtunza hesabu ni mimi, nikaiandika chini ya vifaa vya mashindano.